Chumvi Iliyonata Chupani

Nakumbuka asubuhi ya kupakia mahindi Kanduyi, mwanangu, kila ninaposikia turubai la lori likipigwa na upepo. Na kwa kuwa Jumatatu unakabidhiwa ufunguo wa lori lako la kwanza hapa Kitale, ni heri uisikie habari hii kwangu kuliko kufundishwa na barabara. Barabara ni mwalimu asiyerudia somo.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilimwendeshea lori tajiri mmoja aliyenunua mahindi Trans-Nzoia na Bungoma, akayapeleka kule ambako mvua huja kama mgeni, kwa nadra na kwa muda mfupi. Shehena ya siku hiyo ilikuwa ya shule ya wasichana ya bweni, huko Garissa ng'ambo ya Mto Tana. Safari ya siku tatu. Nilikuwa nimepiga viatu rangi kwa ajili yake, usicheke.

Sehemu ya mahindi hayo ilitoka Sirisia, kwa kikundi cha akina mama kilichoongozwa na mwanamke mzee aliyeitwa na wote Kukhu, yaani nyanya. Mama hao walikuwa wameyaanika mahindi yao juani wiki mbili nzima, wakiyaanua kila wingu lilipochungulia kutoka Mlima Elgon. Ukitia punje mdomoni ilivunjika kwa mlio, kah! Sehemu nyingine tajiri aliinunua upande wa Suam, iliyovunwa katikati ya mvua. Magunia hayo yalikuwa mazito kupita kiasi, na kila mtu aliyeyabeba alijua kwa nini.

Kukhu, aliyefuatana na magunia yao hadi Kanduyi, alitoa chupa ya soda mfukoni mwa koti lake. Akatia punje kutoka gunia la Suam, akaongeza kijiko cha chumvi aliyoianika ikakauka, akatikisa kwa muda, kisha akaiacha chupa itulie. Mahindi makavu huiacha chumvi ianguke chini. Ile chumvi ilinata kwenye kioo pande zote, nyeupe kama ukungu.

"Mwana wange," aliniambia, "hii mahindi bado iko na maji. Ukifunika na turubai siku tatu, itapika."

Nami, kijana wa viatu vinavyong'aa, nilimjibu mbele ya wapakiaji, "Kukhu, mimi hubeba. Sipimi."

Wakacheka. Nami nikacheka. Kicheko hicho, mwanangu, ndicho kitu cha pekee maishani mwangu ambacho ningetamani kukirudisha kinywani nikimeze.

Tajiri alielekeza upakiaji mwenyewe. Magunia ya Suam yaliwekwa katikati. Yale makavu ya Sirisia yaliyazunguka pande zote, juu na mlangoni, ili atakayechoma gunia kwa kile chuma cha kuchotea punje za kupima akutane na mahindi mazuri. Nililiona hilo kwa macho yangu mawili. Nikafunga turubai, nikakaza kamba kwa goti, nikawasha injini.

Safari yenyewe ilikuwa tamu. Eldoret kulikuwa na baridi, Nakuru mimi na utingo wangu tukala, Nairobi tukasongwa na magari, na baada ya Mwingi ardhi ikabadilika rangi na jua likakaa juu ya turubai kama kuku aliyelalia mayai. Nilisikia harufu. Ilikuwa kama pombe ya busaa inayoanza kuchachuka. Nikapandisha kioo, nikaongeza mwendo. Wengi wetu hufanya hivyo tunaponusa kosa letu wenyewe.

Wasichana walitupokea kwa nyimbo. Walikuja kusaidia kushusha, wawili wawili kwa kila gunia. Magunia ya kwanza yalishuka vizuri, na mpishi mkuu, mama mmoja mrefu aliyeitwa Halima, alizichezesha punje kiganjani akasema mashallah. Halafu wakafika katikati. Lilipoinuliwa gunia la kwanza la Suam, mvuke ulipanda kama sufuria iliyofunuliwa. Punje zilikuwa zimeshikana mabonge, kijani na kijivu. Na yale makavu yaliyokuwa yameegemea yale mabichi yalikuwa yamekwisha kunywa jasho lake. Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Hawakutaja kwamba kuna mtu huwa amewapanga samaki hao.

Nyimbo zikafa moja moja, kuanzia kwa wasichana waliokuwa karibu na lori hadi kwa waliokuwa langoni.

Mama Halima hakunipigia kelele. Laiti angepiga. Alichukua bonge moja akalinyoosha mbele yangu.

"Dereva, wewe una watoto?"

"Ninaye mmoja, mama."

"Ungempikia hii?"

Nilitazama viatu vyangu. Vumbi lilikuwa limeshavifunika.

Walikataa shehena yote, na walikuwa na haki. Chakula cha ukungu ni sumu. Mchana huo stoo ya shule ilibaki na sakafu tupu, na wale wasichana waliokuja kunipokea wakiimba walirudi madarasani wakiwa wamepewa chai bila kitu. Mahindi yalichomwa nyuma ya uwanja. Nilikaa hapo hadi moto ukaisha, kwa sababu niliona ndilo jambo dogo ninaloweza kufanya: kutokimbia.

Niliporudi, siku yangu ya mapumziko nilikwenda Sirisia. Nilimkuta Kukhu uani akipepeta maharagwe. Nilimweleza yote, hata ile harufu niliyoifungia kioo cha moyo. Alipepeta hadi nikamaliza.

"Kumbe," akasema. "Mahindi yangu mlifanya nguo ya kuvalisha maiti."

"Ni tajiri aliyepanga, Kukhu. Mimi ni dereva tu."

Hapo aliweka ungo chini. "Ati dereva tu? Tajiri alishika usukani? Tajiri alifunga kamba na goti yake? Wewe bana! Mahindi haina miguu. Ilifika huko kwa nani?"

Akaingia ndani, akatoka na ile chupa, akanitupia kama mtu anayemrushia mbwa mfupa. "Chukua. Siku nyingine usiniambie hupimi."

Sasa sikiliza vizuri, maana siku ya kuchagua huwa haikawii. Wiki hiyo hiyo lori lilikuwa likipakiwa hapa Kitale, mahindi ya kwenda Lodwar. Nikaenda kwenye rundo, nikatoa chupa, nikatikisa mbele ya watu. Chumvi ikanata.

Madereva wenzangu walikuwa wameegemea ukuta wakinywa chai. Wafula, aliyekuwa na mdomo kuliko wote, akapaza sauti: "Oyaa, daktari! Mgonjwa ana malaria ama ni taifodi?"

"Ana maji," nikasema.

Tajiri akatoka ofisini. "Nani alikuajiri upime?"

"Hakuna."

"Basi panda, twende kazi."

"Hii lori haitoki na hii mahindi."

Nyumbani kulikuwa na mama yako na wewe mchanga, na mshahara wangu ndio uliokuwa unga wenu. Nilijua ninachokiweka mezani. Lakini kila nilipotaka kunyenyekea niliiona ile mikono ya wasichana, wawili wawili kwa gunia.

"Wewe ni usukani tu," akaniambia. "Nikikung'oa naweka mwingine."

"Weka," nikasema, nikaweka ufunguo juu ya gunia la maji.

Akageuka. "Wafula! Panda!"

Wafula aliiangalia ile chupa. Aliiangalia muda mrefu, kikombe kikiwa hewani. Kisha akashika kiuno. "Bosi, leo mgongo unaniuma vibaya sana."

"Otieno!"

"Mimi ni macho, bosi. Hata wewe nakuona wawili."

Kicheko kikalipuka, na safari hii hakikuwa kicheko cha aibu. Hakuna aliyepanda. Ilipofika adhuhuri tajiri mwenyewe alitoa amri magunia yafunguliwe, na ua ukageuka manjano kutoka ukuta hadi ukuta, mahindi yakiota jua. Yalianikwa siku kumi. Yalifika Lodwar makavu, na yakaliwa.

Mimi sikuyapeleka. Nilifukuzwa jioni hiyo hiyo, na miezi saba nilibeba magunia ya wengine kwa bega hadi nikapata lori jingine. Tulikula mboga bila nyama, na mara nyingine mboga bila ugali. Sikufichi. Anayekuambia kwamba haki hulipa papo hapo hajawahi kuitetea. Hata hivyo, miezi hiyo nilitembea mjini nikitazama watu usoni, na Wafula kila aliponiona aliita, "Daktari!" na neno hilo lilikuwa limebadilika mdomoni mwake.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, mwanangu. Watakuambia mwenye nguvu mpishe. Mpishe njiani, mwache apite na gari lake kubwa, lakini usimpishe ndani ya dhamiri yako. Watakuambia mkono usioweza kuukata, ubusu. Mimi nakuambia upo mkono mwingine, nao ni wako, na unaweza kuukunja kifuani na kukataa. Kagua mzigo kabla ya kufunga kamba. Ukinusa harufu, simama. Usiongeze mwendo. Na kwa kuwa wewe ni mwanamke, watakuuliza mara mbili wewe ni nani hata upime. Wajibu mara moja tu: "Napima kwa sababu mimi ndiye ninayebeba."

Chupa hii hapa. Kioo kimechubuka lakini bado kinasema kweli. Iweke mbele, karibu na kioo cha lori, kila mpakiaji aione.

Mungu akutangulie katika kila kona na kila mteremko. Breki zako zikusikie, macho yako yasichoke, na popote utakapofungua turubai, nyimbo zisikatike. Nenda, mwanangu. Nenda na shingo ngumu.