Siku Paa Letu Lilipovuka Mto

Sisi tuliokulia Nyacheki kwenye mashamba ya majani chai, kabla simu hazijaingia mifukoni, hatukuhitaji mtu wa kututangazia hali ya hewa. Tulitazama mawingu tu. Mvua ilikuja karibu kila alasiri, ikatukimbiza kutoka shuleni tukiwa peku, tumejifunika majani ya migomba, matope mekundu hadi magotini. Ya mawe ndiyo tuliyoipenda zaidi. Tuliokota barafu tukatafuna mpaka meno yakauma, huku Mama akifoka kwamba tutakohoa hadi Krismasi. Watoto wa leo tone moja likidondoka wanaomba waletewe gari.

Lakini alasiri moja, nikiwa darasa la nne, mawingu yalikuja na rangi tusiyoijua, kijani iliyochanganyika na weusi. Ndege walinyamaza. Mimi na mdogo wangu Moraa tulikuwa tukichuma majani na Mama, vikapu mgongoni. Ghafla tukasikia mngurumo kutoka kilima cha pili, kama malori mengi yanapanda mlima kwa pamoja. Kisha tukakiona kisulisuli chenyewe. Wingu lilikuwa limeteremsha mguu hadi chini, linazunguka, na ndani yake migomba mizima ilikuwa ikipaa.

"Laleni!" Mama alipiga kelele. "Shikeni mashina ya chai! Msiachilie mpaka niwaambie!"

Tulilala kifudifudi kati ya mistari, naye akatulalia juu, akiomba, bila shaka kwa Ekegusii, lugha yetu. Nilihisi midomo yake ikicheza kisogoni kwangu lakini sikusikia neno. Nilipoinua uso kidogo nikaona jambo ambalo sijaliona tena maishani. Paa la nyumba yetu mpya ya mabati, fahari ya Baba, liliinuka zima na mbao zake, taratibu, kama mfuniko wa sufuria unaosukumwa na mvuke. Likazunguka mara moja hewani, likavuka mto. Nilisahau kuogopa. Nilikodoa macho tu, mawe ya barafu yakinipiga miguuni.

"Nyanya yenu!" Mama aligutuka.

Nyanya, mama mzazi wa Baba, alikuwa ndani ya nyumba hiyo, amelala na homa tangu asubuhi. Mama alitimua mbio kabla upepo haujatulia, nasi tukamfuata tukiteleza juu ya barafu. Mlango ulikuwa umekwama. Aliupiga bega mara tatu, nyuma yake Moraa akilia kwamba Nyanya amekufa. Ulipofunguka, tulimkuta ameketi kitandani, blanketi mabegani, barafu imemjaa mapajani, uso ameuelekeza juu palipokuwa na paa. Hakuwa na hata mkwaruzo.

"Mama Kerubo," alimwambia Mama polepole, akimwita kwa jina langu, "kumbe mbingu iko karibu hivi?"

Mama aliketi sakafuni kwenye maji, akacheka huku machozi yakimtoka.

Jioni tulitoka kutazama. Kisulisuli kilikuwa kimekata njia yenye upana wa uwanja wa mpira, kilima hadi kilima. Mikaratusi ilisokotwa kama nguo zinazokamuliwa, na michai ikabaki vijiti vitupu. Lakini hatua chache kando ya njia hiyo, vikombe vya jirani vilikuwa vimepangwa kwenye kichanja chake, hakuna hata kimoja kilichoanguka. Baba aliporudi kutoka soko la Keumbu alivitazama vikombe vile kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama nyumba yake.

Kesho yake asubuhi tuliona watu wakipanda kutoka mtoni kwa mstari, kila mmoja na bati kichwani. Walikuwa watu wa ng'ambo, Wakatoliki, ambao sisi Wasabato tuliwajua kwa kuwaona sokoni tu.

"Tumewaletea paa lenu," alisema mzee aliyetangulia. "Ila misumari tafuteni nyinyi."

Walinyoosha mabati kwa nyundo na mawe, wakapigilia mpaka jua likazama. Mama aliwapikia ugali wa wimbi na mboga za chinsaga zilizolala kwenye maziwa, na Nyanya, ambaye homa ilikuwa imemwachia, aliwasimulia habari za mbingu mara kumi.

Mwezi uliopita upepo wa namna ile ulipita tena. Ulianzia kwenye chai, ukaangusha vibanda vya soko Keumbu, ukafika hadi huku kwenye ploti za kupangisha karibu na Nyakoe, ninakoishi sasa. Vijana walisimama vibarazani na simu, na kabla mvua haijakatika nilikuwa nimeonyeshwa video ya mapaa yakiruka, tayari imewekewa muziki.

Bati moja la bluu liliangukia uani kwangu. Nimelizungusha ploti zote nikiulizia mwenyewe. Jirani tunayepakana naye ukuta alichungulia kwenye tundu la geti akaniuliza, "Kwani wewe ni nani?" Nimeishi hapa miaka sita.

Nimeliegemeza getini. Upepo ukivuma hata kidogo linagonga, nami natoka mbio kufungua, nikidhani mwenyewe amelifuata.