Mstari wa Kufukua

Mwaka wangu wa kwanza kulima alizeti hapa Sepuka tulipanda kabla ya mvua, kama wenyeji wanavyofanya, kisha mvua ikagoma kunyesha. Moyo ukawa unanienda mbio hata nikiosha vyombo. Kila asubuhi nilikwenda shambani na kijiti, nikafukua mashimo kuangalia kama mbegu zimeota.

Siku moja mama mkwe alinikuta nimechuchumaa. Shikamoo yangu aliiitikia huku amekunja uso.

"Utatumalizia shamba wewe," akasema. Akanionyesha mstari wa mwisho, karibu na zizi. "Huu ni wako. Fukua mpaka uchoke. Mingine usiiguse."

Nilikasirika, niliona ananifanya mtoto. Lakini nilitii, na ajabu, nikishafukua mashimo mawili matatu ya mstari ule, kifua kilikuwa kinalegea, narudi kupika. Mvua ilipokuja shamba lote liliota vizuri, isipokuwa mstari wangu uliojaa mapengo.

Mwaka huu mvua imechelewa tena. Jana asubuhi nilimkuta mama mkwe kwenye mstari wangu, amechuchumaa, kijiti mkononi. Nikamwamkia, nikachuchumaa naye.