Chungu Kisichotiwa Mwiko

Lissy aliolewa kisiwani Vypin akitokea milima ya Idukki, na kosa lake la kwanza nyumbani kwa mkwe lilikuwa kutia mwiko kwenye chungu cha dagaa. Aligeuza mara mbili tu. Alipofunua, samaki walikuwa wamekuwa uji, na nazi imejaa miiba. Mama mkwe wake, Eliswa, alionja, akameza, akauliza, "Huko kwenu milimani mnapika dagaa au mnawakanda?" Sasa ni mwaka wa nne, na Lissy amejua kupika kila kitu cha nyumba ile isipokuwa hicho.

Na Eliswa alikuwa akikipika haoni! Macho yake yalizimika kabisa miaka miwili kabla ya harusi ya Lissy. Ni mjane wa mgema, kalea watoto watano kwa dagaa, maana ndio samaki waliofika mlangoni kila siku. Hujisifu mpaka leo kwamba Antappan, kitinda mimba wake na mume wa Lissy, alianguka kutoka juu ya mnazi asivunjike mfupa hata mmoja. "Ulivunjika mtungi wa tembo," husema, "na baba yake akalilia mtungi."

Lissy alizoea kumkodolea macho akipara. Kisu hashiki. Ukucha wa kidole gumba unaingia nyuma ya kichwa, anavuta, kichwa na matumbo vinatoka pamoja. Kilo nzima namna hiyo. Siku moja Lissy, mwenye macho yake mawili mazima, alilipekua bakuli kumtafuta dagaa aliyesahauliwa, asimpate.

Jumatano Antappan alirudi likizo kutoka Kuwait, akakuta upindo wa nguo ya mama yake umeungua.

"Mama, moto basi. Usiusogelee tena. Jumatatu fundi anakuja kubomoa mafiga. Naweka jiko la gesi, wewe ukae barazani upumzike kama mama wa watu."

"Mama wa watu gani? Mimi mama yako, na mama yako anapika."

"Mama!"

"Haya, nimesikia."

Alikubali, lakini mchana ule aliisukuma sahani yake kando. Lissy alimwona barazani, vidole vyake vikipara kitu kisichokuwepo juu ya mapaja.

Jumamosi Antappan alipokwenda kwa kinyozi, Eliswa alijikokota mpaka kizingiti cha jiko na bakuli la dagaa waliokwisha kuparwa.

"Leo unapika wewe."

"Mama, nitawakanda tena."

"Mwiko uko wapi?"

"Huu hapa."

"Lete." Akaukalia.

Lissy akatwanga vitunguu vidogo, tangawizi na pilipili mbichi pamoja na nazi iliyokunwa na bizari manjano. Akachanganya na dagaa kwa vidole, akatia vipande vya tunda jeusi kavu la kutia uchachu, maji kidogo na mafuta ya nazi, akafunika kwa jani la mgomba, akainjika.

"Sasa funga macho."

"Nitaungua, Mama!"

"Mimi miaka sita nimeungua nguo mara moja. Funga."

Mwanzo hakusikia kitu ila kuni. Kisha maji yakaanza kutokota, mazito. "Hapo dagaa bado anaongea kwa kifua," alisema Eliswa. "Mwache." Harufu ya bizari mbichi ikapita, ikaja ya tangawizi, nyuma yake ya nazi. Lissy hakuwahi kujua kwamba harufu huja kwa foleni. Halafu sauti ikapanda, ikawa nyembamba.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Shika chungu kwa vitambaa, zungusha. Taratibu! Unabembeleza mtoto, hupeti mchele."

Lissy akazungusha, na viganjani mwake akahisi dagaa wakijigeuza wenyewe ndani ya nazi, wazima wazima. Kumbe jiko lile lilikuwa likisema siku zote, na aliyekuwa akilisikia ni mzee huyu peke yake! Alifumbua macho, akamtazama mkwewe kizingitini, akaogopa kwa heshima, kama mtu aliyeingia kanisani peke yake.

Mchana Antappan alimega tonge la kwanza, akatulia. Sahani ya tatu alikuwa analamba vidole.

"Mama, umevunja amri yangu," alisema bila kuinua uso. "Lakini kwa mkono huu mimi ni nani? Fundi asije. Mafiga yabaki."

Lissy akamtazama mkwewe. Angenyamaza tu, jiko lilikuwa lake. Lissy mwenyewe alikuwa tayari kunyamaza naye mpaka kaburini.

"Sikupika mimi," alisema Eliswa. "Kapika mkeo. Msifu mwenye mkono."

Antappan akamgeukia mkewe. "Kama wewe unaweza, basi gesi..."

"Gesi inavuma, mume wangu. Nitawasikiaje dagaa? Na masikio haya kanipa mama yako, bado hajamaliza kunifundisha. Bomoa, lakini Jumatatu utakula mayai. Na Jumanne mayai."

Antappan aliwatazama wote wawili, akaguna, akatoka uani kumpigia fundi simu asije.

Eliswa akanyoosha mkono wenye harufu ya dagaa, akautafuta uso wa Lissy, akaupapasa polepole kutoka kwenye paji, kwenye nyusi, mpaka kidevuni. Miaka minne hakuwahi kuugusa.

"Kumbe ndivyo ulivyo," alisema.