Mpishi wa Nzi na Sahani ya Mama Yake

Watu wakiona nzi karibu na chakula hushika kitambaa na kuanza kupunga. Mpishi huyu aliwapikia. Kila asubuhi alijifunga aproni katika chumba kidogo nyuma ya maabara, akawasha jiko la gesi, akakoroga maji, sukari, hamira na unga wa mahindi mpaka chumba kikanuka kama mkate uliosahauliwa kwenye joto. Akatia na unga wa kugandisha, akamimina uji ule katika vichupa vya kioo. Ukishapoa, ndipo wateja walipoingizwa: nzi wa matunda, wale wadogo kama ufuta wanaozengea ndizi zilizoiva. Kila kichupa kikazibwa kwa pamba.

Jirani yake, fundi cherehani, hakumwacha apite kimya.

"Mpishi wa Nzi! Wateja wameshiba leo?"

"Wameshiba, na hawalalamikii chumvi kama mumeo."

Sufuria zake zilikuwa mbili. Moja ilijaa sukari na hamira bila huruma. Nyingine ilikuwa na uji mwepesi, sukari na hamira za kuonja tu. Wale wa uji mzito walitaga mayai kama waliolipwa, wakavimba matumbo. Mtafiti, binti wa miwani aliyependa kuimba nyimbo asizojua maneno yake, aliwakausha na kuwapima, akakuta mafuta kila mahali. Lakini hao hao ndio waliotangulia kufa. Wa uji mwepesi walitaga kidogo, wakabaki wembamba, na wenzao walipokwisha kufagiliwa, wao bado walikuwa wanapanda kuta za kioo kama vijana walio na miadi.

Jambo hilo lilimwingia Mpishi kichwani, likakataa kutoka.

Kwa sababu nyumbani alikuwa na mama yake. Baba alikuwa ameshafariki, ndugu hakuna, wamebaki wawili tu na redio. Magoti ya mama yalilia kila alipoinuka, na kila yalipolia, moyo wa binti yake ulishtuka. Alijua vizuri kwamba mtu si nzi. Lakini hofu haijasoma. Jioni moja alimwangalia mama akifuta sahani kwa kidole, akajiuliza: je, nikimpunguzia kidogo, si nitakaa naye zaidi?

Akapunguza kijiko. Kisha sukari ya chai ikatoweka. Kisha akanunua sahani ndogo, ili chakula kionekane kingi.

Mama aliitazama sahani ile, akaigeuza.

"Hii sahani ilikuwa inaumwa? Mbona imesinyaa?"

"Ni mpya, mama. Nzuri kwa afya."

"Afya ya nani?"

Akala, maana hakuwa mtu wa kugombana na chakula. Lakini shingo ilianza kuonyesha mishipa, na usingizi wa mchana ukarefuka. Siku moja fundi cherehani alimsimamisha Mpishi mlangoni, safari hii bila utani.

"Gauni la mama yako nimelibana mara ya pili. Nikilibana tena litakuwa shati la mtoto. Kuna nini humo ndani?"

"Wembamba ndio maisha marefu," Mpishi akajibu, akapita haraka.

Alikuwa na sababu ya kujipa moyo. Mtafiti alikuwa ameomba sufuria ya tatu, nyepesi kuliko zote, karibu maji matupu. Mpishi aliipika kwa furaha, hata akamsimulia mama. Hawa, alijiambia, watawazika wenzao wote. Akawa anawachungulia kila akifika, kana kwamba habari za mama yake zimo mle.

Asubuhi moja aliinua vichupa vya sufuria ya tatu, akaona weusi umelala chini. Wamekufa mapema kuliko hata wale wanene. Waliobaki aliwagongea kioo kidogo, kama kawaida, ili waanguke na kupanda tena. Walijaribu. Walifika nusu, wakateleza.

"Nimekosea kupika," akasema.

"Hujakosea, dada," Mtafiti akamwambia. "Kupunguza kuna mwisho wake. Ukiwazidishia wanakufa mapema, ukiwanyima sana wanakufa mapema zaidi. Maisha yako katikati."

"Na katikati ni wapi?"

"Kwa hawa, tunaitafuta sufuria kwa sufuria."

"Na kwa mama yangu?"

Mtafiti akamgeukia. "Mama yako ameingiaje humu?"

Akamweleza yote: kijiko, chai, sahani, gauni. Mtafiti alivua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi.

"Dada, mimi najua nzi. Chakula cha mama yako sikijui, na uji huu hauwezi kukuambia. Lakini mzee akikonda hivyo, nguvu ndiyo inayokwenda. Mpeleke kliniki. Na leo ale."

Aliomba ruhusa, akarudi nyumbani na aproni bado kiunoni. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, viganja juu ya magoti, anajaribu kuinuka. Akainuka nusu, akarudi chini. Akajaribu tena.

Binti akamshika kwapani. Akamketisha vizuri. Akaenda jikoni.

Mama alipoletewa chakula, aliitambua ile sahani kubwa ya zamani.

"Imepona?"

"Imepona, mama. Nisamehe."

Mama akatafuna kwanza. Mambo mengine yangesubiri. "Na nzi wako wa majimaji?"

"Wamekufa."

"Masikini. Hawakuwa na fundi cherehani wa kuwasemea."

Mpishi akacheka, machozi yakamtoka papo hapo. "Kesho asubuhi twende kliniki, tuwaulize wao."

"Twende. Lakini baada ya chai ya sukari. Vijiko viwili."

"Kimoja, mama."

"Viwili."

Mpishi akalishika bakuli la sukari, akafikiri.

"Kimoja na nusu."

Mama akamtazama, akasogeza kikombe.