Kitambaa cha Kiti cha Nyuma

Mama yangu hawezi kuvumilia kitu kikae uchi. Kwake Riruta makochi yamevaa, meza zimevaa, redio imevaa, hata friji ina kofia yake ya kufuma. Kwa hivyo nilipoingia uani na gari langu la kwanza, haibridi ya petroli na umeme iliyokwisha kutumika Japani, nilijua halitakaa hivyo siku nyingi.

Kwanza alitaka kujua ni kitu gani. Akalizunguka mara mbili, mikono nyuma.

"Unachomeka stima wapi?"

Nikamwambia hili halichomekwi. La kuchomeka ni la jirani yangu wa Kileleshwa: betri yake ni kubwa, analichaji nyumbani kama simu, na anaweza kwenda mjini na kurudi bila kuchoma petroli. Safari ikiwa ndefu na chaji ikaisha, ndipo injini inachukua kazi. Kuna mengine yenye mota ndogo ya kuisaidia injini tu, ambayo peke yake haiwezi kulisukuma gari. Langu liko katikati. Likiondoka, mota hulisukuma polepole, kimya kimya. Injini huamka likishika kasi au likipanda mlima. Na nikikanyaga breki, mota ileile hugeuka jenereta na kurudisha chaji kwenye betri.

"Kumbe breki inapika stima," Mama akasema. "Basi hiyo jam yote ya Naivasha Road haiendi bure."

Nilicheka hadi nikashika boneti. Kazini nilikuwa nimewaeleza watu wenye digrii mbili mbili, na hakuna aliyeelewa upesi hivyo.

Miezi miwili baadaye akanipa mfuko. Ndani kulikuwa na kitambaa cha kiti cha nyuma, rangi ya maziwa, kimejaa maua ya kahawia, na nyuma yake bitana nzito ili uzi usivutike. Vidole vya Mama vimeanza kukunjika kwa ugonjwa wa viungo, na ua moja humchukua jioni nzima. Niliyahesabu maua, yalikuwa thelathini na mawili. Alikifunga mwenyewe, kamba kwa kamba, akakataa nimsaidie.

Wiki ya tatu, nikipanda kutoka mjini, taa ya onyo ikawaka. Fundi wangu wa Muthangari alifungua mlango wa nyuma, akainua ukingo wa kitambaa, akaguna.

"Madam, nani ameziba gari pua?"

Pembeni mwa kiti cha nyuma kuna tundu lenye wavu. Feni huvuta hewa hapo ili kuipoza betri iliyo chini. Mama alikuwa amelifunika vizuri kabisa, bila mkunjo hata mmoja. Fundi akaniambia nikitoe, la sivyo joto litaimaliza betri.

Mimi si mtu wa kumeza maneno. Mwenye nyumba wangu anajua, bosi wangu anajua. Lakini ningeanzaje kumwambia Mama kwamba jioni zake zote zile zinaniharibia gari? Sikuweza. Kitambaa nikakiweka kwenye buti la gari, na kila Jumapili kabla ya kufika Riruta nikawa nasimama kwenye kituo cha mafuta, nakifunga harakaharaka, halafu naingia uani nikitabasamu na kumpeleka Mama kanisani. Nikirudi kwangu, nakivua. Nilijiambia ni kwa sababu nampenda, na kweli nampenda mno.

Jumapili ya sita, tulipomaliza chai, alitoka na mkasi na sindano yake ya kufumia. Akaketi kwenye kiti cha nyuma, akaniita.

"Kuja hapa. Nionyeshe hii kitambaa inasumbua wapi."

"Nani amekuambia inasumbua?"

"Hakuna mtu. Hii fundo si yangu. Mimi hufunga mara mbili na naficha mkia. Wewe umefunga kama kamba ya viatu."

Nikawasha gari, nikamwonyesha tundu. Akalitazama, akaweka kiganja hapo akausikilizia upepo, kisha akaanza kufumua. Yaliondoka maua mawili. Akakata bitana kwa duara, akaanza kuushona ukingo, polepole, akipumzisha vidole kila baada ya mishono michache.

"Si ungeniambia tu?"

"Niliogopa utaumia, Mama."

Hakuniangalia. "Ua naweza kufuma ingine. Lakini hiyo fundo niliona Jumapili ya kwanza. Kila wiki nilikuwa nakaa hapo mbele na wewe, nikingoja uniambie."

Nilisema pole. Akanipa upande mmoja wa kitambaa nishike kisivutike, akaendelea kushona.