Zizi la Plastiki

Mama wa dukani alipokuja kibarazani na lile boksi la biskuti, nilidhani ananiletea vifungo. Nilikuwa nimeshona nguo kwenye kibaraza cha duka lao pale Shinyanga mjini kwa miaka tisa, na sasa yeye na mumewe, Wahindi wa vitambaa, walikuwa wanafunga. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, rafu tupu, hata uzi tunauwinda kama sungura. "Fundi, chukua. Watoto wangu wamekua, hakuna wa kuchezea tena." Nikashukuru, nikafungua. Vitofali vya plastiki, vyekundu na vyeupe, vina vipele juu na matundu chini, na vijitu viwili visivyo na pua. Karatasi ya maelekezo hakuna. Sasa hivi ni vya nini, jamani?

Nilivipeleka nyumbani. Nikapanga kimoja juu ya kingine kama sarafu, ukuta ukaanguka. Nikapanga tena, ukaanguka tena. Mke wangu alikuwa anachambua mchele pembeni, akaweka ungo chini ili acheke vizuri. "Makubwa haya! Mwanaume mzima ana ndevu, anacheza na midoli!" Nilikasirika, nikavisukuma vyote chini ya kitanda. Mimi ninayekata suti ya vipande vitatu nishindwe na mchezo wa mtoto! Kesho yake, kabla sijanywa chai, nilikuwa nimepiga magoti navitafuta. Ndipo nikaelewa: kitofali cha juu lazima kikalie viwili vya chini, nusu huku, nusu kule, kama waashi wanavyofanya. Fundi mwashi angeniambia kwa nusu dakika, lakini ningemuulizaje bila kuchekwa?

Vijitu navyo vikanichanganya kwa namna yake. Mpishi mmoja wa wahandisi wa kizungu kule kwenye mgodi wa almasi alileta suruali ipunguzwe, akaviona viwili vyangu vimesimama juu ya cherehani. "Hivi? Watoto wa bosi wanavitupa kila siku." Basi kila alipokuja mjini alinitolea kimoja mfukoni, nami namgeuzia kola au namkunjia pindo. Nikapata mwenye kofia ya zimamoto, nikapata mwanamke mwenye nywele za kuvua, nikapata mmoja asiye na mkono. Nilianza kumsubiri yule mpishi kuliko wateja wenye hela. Kwa nini? Sijui. Mpaka leo ukiniuliza, sijui.

Halafu baba akaja kukaa kwetu, macho yalikuwa yanamsumbua na hospitali iko mjini. Miaka michache nyuma, wakati wa vijiji vya ujamaa, alihamishwa pamoja na wenzake kutoka kwenye kaya yao, wakapangwa kando ya barabara, nyumba zinafanana kama pacha, mpaka mara mbili aliingia kwa jirani akaagiza maji ya kunawa. Tulicheka. Lakini pale kwangu akaanza kumwita mke wangu kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, na hapo sikucheka tena, nikaogopa.

Niliogopa kwa sababu babu yangu amezikwa zizini. Kwetu Wasukuma, mwenye kaya analazwa katikati ya ng'ombe wake. Lakini babu alikufa kabla sijazaliwa, na zizi lile lilikuwa limekwisha kuhamishwa, minyaa ya uzio ikakatwa, trekta ikapita. Aliyejua mahali penyewe ni baba peke yake, na mimi ndiye mtoto wa kwanza. Akisahau, tambiko la ukoo tutalifanyia wapi? Na kumuuliza mzazi habari za makaburi ni kama kumwambia, haya, fanya haraka, tunakusubiri. Hauliziki mtu hivyo.

Nikaona nimjengee ile kaya ya zamani kwa vitofali. Nikijenga vibaya, atanisahihisha. Mzee gani atanyamaza mbele ya kosa?

Nilitumia siku sita. Nyumba yetu ilikuwa msonge, na vitofali vina kona nne. Unazungushaje duara kwa kitu chenye kona nne? Nilivipanga ngazi ngazi, nikabomoa, nikatukana, nikapanga tena mpaka vikakaribia kuwa duara. Nikaweka uzio, nikasimamisha vijitu: baba mlangoni, mimi, wadogo zangu wawili.

Jumapili, baada ya uji, nikaweka mbele yake ubao niliojengea. "Shikamoo baba. Nimejenga kwetu."

"Marahaba." Akainama mpaka pua ikagusa. "Mbona wote wanacheka? Kuna nini?"

"Ndivyo walivyotengenezwa, baba."

"Na hii shule?"

"Ni nyumba yako."

Akaguna. Kisha mikono yake ikaanza kazi. Akauondoa uzio wangu wote. "Zizi halikuwa hapa, ng'wanawane. Hili la kwako ni la juzi. La mwanzo lilikuwa huku, unaliona lile jiwe kubwa lenye mgongo? Hapa jiwe." Akaweka kikombe cha uji kuwa jiwe. "Mlango unatazama kichuguu. Kutoka jiwe mpaka mlango, hatua arobaini." Nilichukua chaki yangu ya nguo, nikaandika kwenye ubao. Mtu aliyesahau jina la mkwewe!

Halafu akawahesabu watu kwa kidole, nami namtajia mmoja mmoja. "Babu yako umemfukuza?"

"Babu si alishakufa, baba?"

"Kwani aliyekufa anahama?" Akakasirika kweli. Nilikuwa nimeweka walio hai tu, mjinga mimi, kama anayeandikisha watu wa kadi za sukari. Kwenye boksi alikuwa amebaki yule asiye na mkono. Baba akamchukua, akamlaza chali katikati ya zizi, kichwa upande wa jiwe. "Hapa."

Nikapiga alama ya msalaba kwa chaki. Nilitaka kucheka kwa furaha, nilitaka kumkumbatia, nilikuwa nimepata. Lakini hakuwa amemaliza. Alimng'oa yule niliyesema ni yeye, pale mlangoni, akamlaza kando ya babu, bega kwa bega.

"Na mimi hapa."

Pale sasa ni shamba la pamba la kijiji. Mwenyekiti wa kijiji alikwisha kuwakatalia watu wawili niliowajua wasizikwe kwenye kaya zao za zamani, wote wamezikwa kando ya barabara.

"Sawa, baba," nikasema.

"Asante, mwanangu."

Baba yangu, ambaye hakuwahi kunishukuru kwa kitu chochote.