Yai Namba Tisa

Mwalimu wangu wa darasa la kwanza kule Minneapolis sijamsamehe, na sina mpango huo. Watu huniambia kinyongo humla mwenye nacho. Basi na kinile. Kimenila miaka yote hii na nyama bado ipo.

Nilikuwa na miaka sita. Baba alikuwa anasoma chuo kikuu, mama na mimi tukamfuata kutoka Iringa katikati ya miaka ya tisini, tukapanga vyumba viwili mtaa wa Phillips, ghorofa ya tatu, juu ya jamaa waliokuwa wakikaanga vitunguu tangu alfajiri. Nilipoingizwa shule Januari, katikati ya mwaka wao wa masomo, nilikuwa nimeshamaliza chekechea nyumbani. Nilijua kusoma silabi, nilijua kujumlisha kwa vijiti, na nilihesabu mpaka mia mbili bila kupumzika.

Tena nilikuwa na adabu. Mkubwa akiingia unasimama. Akikusemesha unainamisha macho. Akikosea unanyamaza, maana mtoto hamkosoi mtu mzima. Hilo la mwisho mama alinifundisha kwa kofi moja tu, mbele ya wageni, na sikuhitaji la pili.

Darasa la kule lilikuwa na zulia. Asubuhi tulikaa chini kwa duara, tukataja siku, tukataja hali ya hewa, mtoto mmoja akabandika picha ya theluji kwenye kalenda ingawa theluji yenyewe sote tulikuwa tumeikanyaga tukija. Ukutani kila mtoto alikuwa na mfuko wake wa karatasi wenye kadi tatu: kijani, njano, nyekundu. Ukiharibu, unainuka mwenyewe mbele ya wenzako unabadilisha kadi yako. Mwalimu alikuwa mwanamke mrefu mwenye sweta za kufuma zenye matofaa kifuani, na sauti laini ya mtu anayemwongelesha paka. Hakunipiga hata siku moja. Afadhali angenipiga, kipigo nilikuwa nakielewa.

Kosa langu lilikuwa lile lile kila siku. Mtu mzima akifungua mlango, nilisimama. Wenzangu walicheka, mwalimu akasema keti, mimi nikainamisha macho kwa heshima. "Nitazame ninaposema nawe," alisema. Nikazidi kuinama, kwa kuwa sasa alikuwa amekasirika, na mkubwa aliyekasirika ndiye hasa asiyetazamwa. Njano. Kesho yake, njano tena. Akiniuliza swali nilinong'ona jibu kwenye zulia, hakulisikia, akampa mwingine.

Mwezi wa tatu waliwaita wazazi. Nilikaa kwenye kiti kidogo katikati ya baba na mama, baba akawa anamtafsiria mama.

"Anasema mtoto hajui kitu."

"Hajui? Huyu?" Mama alinitazama kana kwamba nimebadilishwa njiani. "Mwambie anahesabu mpaka mia mbili."

"Nimemwambia. Anasema haongei, hamtazami mtu, pengine ana tatizo la akili. Asipobadilika kufikia mwisho wa mwaka, atakariri darasa."

Mama alikunja mkoba wake mapajani, akaukunjua, akaukunja tena. Kwetu kukariri darasa si jambo la kusemwa mbele ya watu. Nilimjua mtoto mmoja aliyekariri mara mbili: magoti yake yalikuwa hayaingii chini ya dawati, na wenzake walimwita babu. Usiku nilimsikia mama akimwambia baba kwamba habari hii isifike Iringa, liwalo na liwe. Tangu siku hiyo nilikuwa na shughuli moja tu duniani, kuingia darasa la pili.

Halafu yakaja mayai. Ilikuwa Aprili, mwalimu akaleta mashine ya kutotolea vifaranga, boksi lenye kifuniko cha kioo na taa ndogo nyekundu, na mayai kumi na mawili yaliyoandikwa namba kwa penseli. Kila yai lilikuwa na wazazi wawili. Mimi nilipewa namba tisa pamoja na msichana wa Kisomali aliyekaa karibu yangu, mtoto wa mtandio, mtaratibu, ambaye alikuwa amepita Kenya na kuchuma Kiswahili huko. Huyo ndiye mtu pekee wa kuongea naye niliyekuwa naye katika jengo zima. Tuliligeuza yai letu kwa zamu. Aliliwekea sikio na kuniambia, "Linakohoa," nami nikacheka mpaka nikapata njano.

Mambo ya mayai niliyajua kuliko mwalimu. Bibi alifuga kuku, na nilijua mama kuku akiacha kuatamia, akaenda kutalii baridini, mayai yote yanakuwa viza. Hukuwa unahitaji Kiingereza kulijua hilo.

Ijumaa moja, zikiwa zimebaki siku nne vifaranga watoke, mwalimu mkuu aliingia darasani na mgeni. Nilisimama. Mwili ulisimama wenyewe. Mwalimu akaniambia keti, nitazame, na mbele ya mwalimu mkuu, mbele ya mgeni, mimi nikashindwa. Aliniinulia kidevu kwa vidole viwili. Nikafumba macho.

Aliponituma kubadilisha kadi ilikuwa nyekundu, ya kwanza darasani mwaka ule. Kisha, kwa sauti ile ile ya paka, akasema kwamba yai namba tisa sasa ni la mwenzangu peke yake, kwa sababu kulea kifaranga ni kazi ya watoto wanaosikiliza. Wote wakageuka kunitazama. Rafiki yangu alininong'oneza, "Usijali, bado ni letu." Sikutaka kufarijiwa. Nilimtaka yule mwanamke aumie, na sikujali aumie vipi.

Mungu hakunichelewesha. Alasiri mwalimu alitaka kutuonyesha mvua inavyotokea, akaburuta projekta, akakuta ukuta ule una tundu moja tu la umeme, nalo limeshikwa. Alichomoa waya wa mashine ya mayai, akachomeka wa projekta. Taa ndogo nyekundu ikazimika. Tukaangalia mawingu na mishale. Kengele ikalia, yeye akachomoa projekta akaisukuma stoo, akarudi mbio kuhangaika na zipu za makoti na buti za watu ishirini na kitu, basi likiwa linasubiri nje. Waya wa mayai ukabaki umelala juu ya zulia.

Mwenye kadi nyekundu hupanga foleni wa mwisho. Kwa hiyo nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwenye ule waya, nimevaa koti langu, nikiutazama. Kidole tu kingetosha. Ningenyoosha kidole, angeona.

Nilinyamaza. Baadaye mama alipododosa kwa nini sikusema, nilimwambia ni adabu, mtoto hamkosoi mtu mzima, naye akaguna akaniacha. Nilijificha nyuma ya adabu hiyo mpaka ukubwani. Ukweli ni kwamba adabu ilikuwa imeniponza siku hiyo hiyo asubuhi, na mchana nikaamua initumikie mimi. Mwalimu alitaka watoto wanaosikiliza. Nilimsikiliza.

Jumamosi theluji ikaanguka tena. Nilikaa dirishani nikihesabu saa za baridi. Jumapili mama alitukaangia mayai, nikala mawili.

Jumatatu mwalimu alifunua kile kioo akagusa yai moja, akagusa la pili, akayagusa yote, mikono ikizidi kwenda haraka. Mashine ilikuwa imelala baridi tangu Ijumaa. Alikaa kwenye kiti cha mtoto. Jumatano wazazi walikuwa wamealikwa kuja kuona vifaranga, na keki ilikuwa imeshaagizwa. Alilia, sweta ya matofaa ikipanda na kushuka, na mimi roho yangu ikasuuzika. Naandika hivyo makusudi. Sijawahi kunywa maji matamu kama yale.

Kisha akataka kujua nani alichomoa waya. Hakukumbuka kuwa ni yeye mwenyewe, au hakutaka kukumbuka. Alituita mmoja mmoja mezani. Watoto waliotazama pembeni aliwauliza mara tatu, mara nne. Zamu yangu ilipofika niliinua uso, nikamtazama katikati ya macho, macho ya kijivu yenye wekundu pembeni, nikasema kwa Kiingereza safi kwamba sijui, sikuona kitu. Akanishika bega. Akasema, "Hivyo ndivyo ninavyotaka. Asante kwa kunitazama." Akainuka mwenyewe kunirudishia kadi ya kijani.

Tangu hapo nilimtazama kila siku. Ilikuwa rahisi, nilikuwa nikitazama kazi yangu. Mwezi wa sita karatasi ikaja nyumbani na baba akaisoma kwa sauti mara mbili: mtoto anajiamini, anatazama watu, anapanda darasa la pili. Mama alipiga kigelegele kimoja kifupi, majirani wasije wakagonga ukuta.

Rafiki yangu ndiye aliyelia kuliko mwalimu. Alililia namba tisa kwa siku kadhaa, akijifutia mtandio, na akaniuliza kama mimi sina huruma, mbona silii. Nilimwambia machozi yangu yako ndani. Huyo tu ndiye anayenidai radhi. Yule mwingine hanidai kitu.

Aprili iliyofuata nilikuwa darasa la pili, ng'ambo ya korido. Siku moja nilitumwa ofisini na karatasi ya mahudhurio, nikapita mlango wa mwalimu wangu wa zamani, nikasikia vijisauti. Nikachungulia. Ile mashine ilikuwa pale pale, na kwenye boksi la pembeni vifaranga kumi na moja, labda kumi na mbili, wa manjano, wanapandiana. Mwalimu alikuwa amepiga magoti katikati ya watoto wapya, anacheka. Sweta ile ile.

Nilisimama nikimsubiri anione. Nilitaka anione akumbuke, hata kidogo tu, sura ipindike. Nilikuwa na maneno tayari: ni mimi, niliuona ule waya. Kiingereza changu kilikuwa kimenyooka sasa. Nilikuwa nimeyabeba maneno hayo mwaka mzima.

Aliinua kichwa. Uso ukachangamka, akanipungia, akaniita niingie nimshike kifaranga mmoja. Aliniita kwa jina la rafiki yangu. Yule mwenye mtandio, na mimi kichwani nina mabutu.

Nikafungua mdomo niyaseme yangu. Lakini mtoto wa kike akiitwa na mkubwa huwa na neno moja tu, na neno hilo lilitoka kabla sijalizuia.

"Abee," nikasema, nikaingia.